Mwongozo Kamili wa Kuyatembelea kwa Miguu Majumba ya Kifalme ya Mji Mkongwe, Zanzibar

Wageni wengi wa Mji Mkongwe huanzia mbele ya Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, wakapiga picha, wakasimuliwa habari za umeme na lifti vilivyokuwa ndani yake, kisha wakaendelea na safari yao. Jumba hilo linastahili kutazamwa, lakini anayeanza nalo hulikosa, kwa sababu ajabu yake haionekani mpaka mtu awe amekwisha kuifahamu nyumba ya kawaida ya mawe na boriti, ambayo kanuni zake ndizo jumba hilo lilizozivunja. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: kwanza ukuta, pili dari, na majumba yenyewe baadaye. Njia yote, kutoka Ngome Kongwe hadi dispensari ya zamani upande wa bandarini, ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa asiyesimama popote. Kwa anayesimama inavyopasa, itamchukua siku nzima, na siku ya pili ikipatikana kuna magofu mawili nje ya mji yanayokamilisha somo.

Hatua ya kwanza: chagua saa kabla ya kuchagua njia

Majumba ya kifalme yamejipanga ufukweni yakielekea bahari, na bahari hiyo iko upande wa magharibi. Asubuhi jua huwa nyuma yake, kwa hiyo sura za mbele hukaa kivulini, nakshi hazionekani vizuri na picha hutoka nyeusi mbele ya anga jeupe. Alasiri mambo hugeuka: kuanzia saa 10 hivi mwanga hupiga moja kwa moja kwenye kuta, na kila nguzo hutupa kivuli kinachoonyesha kina cha baraza iliyo nyuma yake. Mpango unaofaa, basi, ni kuyatumia masaa ya asubuhi kwa ngome, vichochoro na vyumba vya ndani, kupumzika adhuhuri, na kurudi ufukweni alasiri kwa ajili ya sura za mbele.

Siku ya Ijumaa shughuli nyingi husimama kwa ajili ya sala, na katika mwezi wa Ramadhani saa za kufungua hubadilika. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mvua inaweza kuvijaza maji vichochoro kwa saa kadhaa. Jambo la lazima zaidi ni kuulizia siku moja kabla ni jengo gani liko wazi na lipi limefungwa kwa ukarabati, kwani hali ya majengo haya hubadilika mwaka hadi mwaka. Vaa nguo zinazofunika mabega na magoti. Chukua daftari, penseli na tochi ndogo. Tochi ina kazi kubwa kuliko kamera, maana nusu ya yale utakayoyatafuta yako darini.

Kipimo unacho mwilini mwako. Dhiraa, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, zinatosha kwa kazi yote iliyomo humu. Zipime zako nyumbani kabla ya kutoka, uandike sentimita zake kwenye jalada la daftari.

Hatua ya pili: jifunze ukuta katika Ngome Kongwe

Anzia Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa pamesimama kanisa la Wareno. Ngome haikuwa jumba la mfalme, na hiyo ndiyo faida yake kwa mwanafunzi: haina mapambo ya kukupumbaza. Zunguka ukuta wa nje taratibu, utafute mahali ambapo lipu imebanduka. Hapo utaona mawe ya matumbawe yasiyochongwa mraba, ya ukubwa tofauti, yaliyoshikanishwa kwa chokaa.

Chokaa hiyo ilitokana na matumbawe yale yale. Mawe yalipangwa juu ya kuni nyingi, yakachomwa, kisha majivu yake meupe yakazimwa kwa maji na kuachwa yapoe na kukomaa kabla ya kutumiwa. Kwa kuwa jiwe na kiungo chake vimetoka katika asili moja, ukuta wote hunyonya unyevu na kuutoa kwa pamoja. Ndiyo maana kuta hizi zinahitaji kupakwa chokaa mara kwa mara, na ndiyo maana saruji ni adui yake: lipu ya saruji huziba uso wa ukuta, unyevu na chumvi hubaki ndani, na baada ya miaka lipu hiyo huvimba na kuanguka pamoja na kipande cha jiwe. Ukishajua hivyo utaweza kutofautisha ukarabati mzuri na mbaya mji mzima. Lipu ya chokaa ina uso mlaini unaochakaa taratibu kama kitambaa; ya saruji ni ya kijivu, ngumu, na hupasuka kwa nyufa zenye ncha.

Kabla ya kuondoka, simama katika uwazi wa lango na upime unene wa ukuta kwa dhiraa. Uandike. Utaulinganisha na kuta za majumba.

Hatua ya tatu: inua macho, utazame boriti

Ingia kwenye vichochoro vilivyo nyuma ya ngome, upande wa Mtaa wa Gizenga, ambako nyumba nyingi za zamani sasa ni maduka au hoteli. Hii ndiyo sehemu ambayo watembezaji huipita haraka, nami naiona kuwa ndiyo ufunguo wa matembezi yote. Chagua duka lenye dari ya zamani, piga hodi, umwamkie mwenyewe ipasavyo, na uombe ruhusa ya kutazama dari yake. Ni nadra mtu kukatazwa, na mara nyingine mwenye duka mwenyewe ndiye atakayekueleza chumba kilivyokuwa enzi za babu yake.

Utakachokiona ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake kuna vipande vya matumbawe, na juu ya hivyo tabaka nene la chokaa na kokoto lililopigwapigwa kwa vipande vya mbao mpaka likawa sakafu ya ghorofa ya juu. Sakafu ya namna hiyo ni nzito sana, na boriti ya mkoko ina urefu wake. Matokeo ni kwamba upana wa chumba haukuweza kuzidi mita 3 hivi, na mara nyingi ulipungua hapo. Pima upana wa chumba kwa pima zako, kisha urefu wake. Utakuta chumba ni chembamba na kirefu, na ukiingia nyumba nyingine ya zamani, tajiri au fukara, utakuta upana ule ule.

Kipimo hiki ndicho kilichotawala ujenzi wote wa mawe wa pwani. Tajiri aliyetaka nyumba kubwa hakuweza kupata chumba kipana zaidi. Aliweza tu kupata vyumba vingi zaidi, akivipanga kuzunguka ua, na kuongeza ghorofa. Uwezo wake aliuonyesha mahali pengine: katika zidaka zilizochimbwa ukutani, katika ubora wa lipu, na zaidi ya yote mlangoni.

Kwa mlango, angalia mambo matatu. Kwanza umbo la juu: milango ya zamani zaidi ina kizingiti cha juu kilichonyooka, na ile ya tao ilienea kwa mvuto wa mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi kuelekea mwisho wa karne ya 19. Pili, nakshi za fremu na za mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana; minyororo, samaki, mawimbi, mitende na mayungiyungi ndiyo michoro utakayoiona mara nyingi. Tatu, misumari mikubwa ya shaba yenye ncha, ambayo asili yake ni India. Watembezaji hupenda kueleza kwamba misumari hiyo ilikuwa ya kuwazuia tembo. Zanzibar haikuwa na tembo wa kuvunja milango ya watu. Misumari ilikuwa pambo na ishara ya ukwasi, na hapo hapana haja ya kuongeza chumvi.

Hatua ya nne: Beit al-Ajaib, na kanuni iliyovunjwa

Sasa rudi ufukweni. Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Kabla ya kupata ufalme alikuwa amejaribu kumpindua ndugu yake Majid, akashindwa na kupelekwa Bombay, na huko aliyaona majengo ya mji mkubwa wa bandari wakati India ikiwa chini ya Waingereza. Mwaka 1875 alizuru Uingereza. Mtu huyu alipotaka jumba la sherehe na mapokezi, hakutaka vyumba vya mita 3.

Simama katika bustani ya Forodhani, mbali kiasi cha kuliona jengo lote bila kuinua kichwa. Hesabu ghorofa, kisha tazama jinsi baraza pana zinavyolizunguka katika kila ghorofa, zikibebwa na nguzo nyembamba za chuma cha kusubu. Linganisha wembamba wa nguzo hizo na unene wa ukuta ulioupima ngomeni. Nyuma ya nguzo, kuta bado ni za matumbawe na chokaa, na boriti za mikoko zilitumika. Lakini pamoja nazo ziliingizwa nondo kubwa za chuma na zege, vitu vilivyoruhusu dari kupanda juu na nafasi kupanuka kuliko ilivyowahi kuonekana mjini. Katikati uliachwa ua mkubwa uliofunikwa. Kwa hiyo ukiulizwa ajabu ni nini, umeme na lifti ni jibu la pili. Jibu la kwanza ni upana.

Baraza hizo hazikuwa za fahari pekee. Ukuta wa matumbawe unaopigwa na jua la alasiri mfululizo hupata joto na kulihifadhi hadi usiku. Baraza pana huukinga ukuta na jua na mvua, na huziacha pepo, kusi na kaskazi, zipite mbele ya milango iliyo wazi. Anayetembea mwezi wa Februari ataielewa hoja hii bila kuelezwa zaidi.

Milango ya ndani ya jumba ilichongwa kwa kiwango cha juu kabisa cha kazi ya Zanzibar, na baadhi yake ina aya za Kurani zilizopakwa rangi ya dhahabu. Kuna masimulizi kwamba mlango mkuu ulipanuliwa ili Sultan apite akiwa juu ya tembo, na mengine ya kutisha kuhusu watumwa waliozikwa chini ya nguzo. Yachukue kama masimulizi, uyaandike ukurasa tofauti na vipimo vyako.

Mnara wa saa unahitaji maelezo ya peke yake. Awali mnara ulisimama mbele ya jumba, ukiwa mbali nalo. Uliharibiwa katika mashambulizi ya Waingereza ya mwaka 1896, yanayoelezwa katika hatua ya tano, na mwaka uliofuata mnara mpya ukaunganishwa na sura ya mbele ya jumba lenyewe. Anayetazama picha za zamani ataweza kukadiria tarehe yake kwa kigezo hicho kimoja: jumba lisilo na mnara kifuani ni la kabla ya 1897.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele, pamoja na mnara, ilianguka wakati wa kazi za ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Sehemu nyingine ilikuwa imekwisha kuporomoka mwaka 2012. Tangu hapo jengo limekuwa mahali pa kazi ya ujenzi mpya, na mtembezi asitarajie zaidi ya kulitazama kutoka nje ya uzio. Hata hivyo usiipite hali hiyo kwa huzuni tu, kwani jengo lililofunguka huonyesha kile ambacho lipu ilikificha: mahali chuma kinapokutana na jiwe. Chuma kilichozikwa katika ukuta wenye chumvi ya bahari hushika kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na jiwe hupasuka kutoka ndani. Ni hatari ambayo nyumba ya Mtaa wa Gizenga, yenye boriti tupu, haikuwa nayo. Usivuke uzio wala kusimama chini ya baraza yoyote iliyoegemezwa kwa miti.

Hatua ya tano: soma nafasi tupu

Kati ya Beit al-Ajaib na jumba linalofuata, Beit al-Sahel, kuna uwazi. Hapo lilisimama jumba la tatu, Beit al-Hukm. Majumba matatu ya ufukweni yaliunganishwa kwa njia za juu zilizofunikwa, ili wanawake wa jamaa ya kifalme wapite kutoka jumba hadi jumba bila kuonekana na watu wa barabarani. Inua macho hadi usawa wa ghorofa ya juu na uchore katika daftari mstari wa njia hizo, maana bila mstari huo utayaona majengo mawili yasiyohusiana mahali palipokuwa na makazi mamoja.

Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba na kujitangaza mtawala bila idhini ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27, mara baada ya saa 3 waliyompa kuwa mwisho kupita, manowari zao zilianza kupiga mizinga, na katika muda wa takriban dakika 38 mambo yalikuwa yamekwisha. Mamia ya watu waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm liliangamia, Beit al-Sahel likaharibiwa vibaya, na Khalid akakimbilia ubalozi wa Wajerumani. Beit al-Ajaib, pamoja na nguzo zake zilizoonekana dhaifu, lilibaki limesimama.

Hatua ya sita: Beit al-Sahel na makaburi ya Makusurani

Jumba jeupe lenye meno ya ngome juu ya kuta zake ndilo Beit al-Sahel, lililojengwa upya baada ya mashambulizi mahali pa jumba la Seyyid Said, baba yake Barghash. Masultani waliishi hapa hadi Mapinduzi ya Januari 1964, likaitwa Jumba la Wananchi, na mwaka 1994 likawa makumbusho ya historia yao. Kama milango iko wazi, panda ghorofa moja baada ya nyingine na upime vyumba kama ulivyofanya kwenye vichochoro. Utashangaa kuona kwamba kwa sura ya nje ni jumba la kawaida kuliko jirani yake. Lilikuwa nyumba ya kulala na kula, na mwenye nyumba hahitaji kumstaajabisha mkewe kila asubuhi.

Tenga muda kwa chumba kinachomhusu Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuondoka Zanzibar mwaka 1866. Kisha ulizia makaburi ya Makusurani kando ya jumba, alikozikwa Seyyid Said pamoja na baadhi ya wanawe. Hapo ongea kwa sauti ya chini na usipige picha kabla ya kuomba ruhusa.

Hatua ya saba: dispensari ya zamani, kwa ulinganisho

Fuata barabara ya Mizingani kuelekea bandarini hadi jengo lenye roshani za mbao zilizochongwa kwa wingi usio wa kawaida. Lilianzishwa na Tharia Topan, mfanyabiashara tajiri wa Kihindi, likatumika kama dispensari, na katika miaka ya 1990 likakarabatiwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni. Halikuwa la mfalme, lakini anayetaka kuona roshani na vioo vya rangi katika hali nzuri hana mahali pazuri zaidi, na hapa ndipo macho hujifunza kwamba mapambo mengi zaidi hayamaanishi cheo kikubwa zaidi. Ukiwa na nguvu bado, ingia ndani ya mji hadi mtaa wa Hamamni, kwenye mabafu ya umma yaliyojengwa enzi ya Barghash, uone mapaa ya kuba yenye matundu ya kuingizia mwanga.

Hatua ya nane: siku ya pili, nje ya mji

Daladala ziendazo Bububu hupita karibu na magofu mawili. Mwambie utingo mapema mahali unaposhuka, kwa sababu vituo vyenyewe havionekani vizuri. Shukia kwanza Mtoni, jumba la Seyyid Said na la zamani kuliko yote uliyoyaona, ambako ua mkubwa bado unasomeka na vyumba vyembamba vinauzunguka: ni nyumba ya boriti ya vichochoroni iliyokuzwa kwa kuongezewa vyumba, kama ilivyoelezwa katika hatua ya tatu.

Kisha rudi kuelekea mjini hadi Maruhubi. Barghash alilijenga jumba hili karibu na mwaka 1882, likaungua mwaka 1899. Zilizobaki ni bafu na safu za nguzo nene za mawe zilizobeba baraza ya juu. Kumbatia nguzo moja, upime mzunguko wake kwa pima na dhiraa, na uandike kipimo hicho kando ya mchoro uliouchora Forodhani. Mfalme ni yule yule, na kati ya majengo mawili hayo haukupita hata muda wa kutosha kulea mtoto aanze chuo; tofauti iliyopo kati ya nguzo ya Maruhubi na ile ya Beit al-Ajaib imeletwa na chuma peke yake. Nenda huko asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwani magofu hayana kivuli, na urudi mjini kwa daladala ile ile kabla ya adhuhuri.